Kukanda, Kusukuma na Kumimina: Historia ya Vinyunga vya Unga Katika Pwani ya Afrika Mashariki na Maana Yake kwa Sera ya Ngano

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya vinyunga vya unga katika upwa wa Afrika Mashariki na safari ya baadhi yao kuelekea Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Yanadai kwamba Kiswahili huainisha vinyunga kwa kitendo cha mkono wa mpishi, tofauti na upishi wa Ulaya unaoviainisha kwa jinsi mafuta yanavyoingizwa katika unga. Uainishaji huo wa Kiswahili unabeba maarifa ya kiufundi ambayo mijadala ya unga mchanganyiko haijayatumia ipasavyo, kwa kuwa mijadala hiyo huanzia kwenye mkate wa slesi, ambao ndio unaohitaji ngano kuliko vingine vyote.

Jina na kitendo

Vitabu vya upishi vilivyoletwa na shule za kikoloni vilianza somo la vinyunga kwa jedwali. Katika safu ya kwanza kilikuwamo kinyunga cha pai, ambacho mafuta yake husuguliwa ndani ya unga mkavu kabla ya maji kutiwa. Mafuta hufunika chembe za unga, maji hayazifikii vizuri, nyuzi za gluteni hubaki fupi, na kitu kilichookwa huvunjika mdomoni. Katika safu ya pili kilikuwamo kinyunga cha matabaka: kipande cha siagi hufungwa ndani ya unga uliokandwa, kisha hukunjwa na kusukumwa mara kadhaa, hata joto la tanuri linapogeuza maji kuwa mvuke, matabaka yakaachana. Kulikuwa pia na kinyunga kinachopikwa kwanza sufuriani kwa maji na siagi, kisha kikatiwa mayai. Kinyunga cha hamira kiliwekwa mbali kidogo, kana kwamba mkate si ndugu wa pai.

Msemaji wa Kiswahili hana jedwali la namna hiyo. Hata neno kinyunga lenyewe, ijapokuwa limo katika kamusi, halisikiki sana jikoni. Watu husema donge, au husema tu unga uliokandwa. Lakini itakuwa makosa kudhani kwamba lugha isiyo na jedwali haina uainishaji. Kiswahili hutofautisha chapati za kusukuma na chapati za maji. Kina mkate wa kumimina na mkate wa sinia. Kina kukanda, kuumua, kukata madonge, kukunja, kuchovya, na kupalia, yaani kuweka makaa juu ya kifuniko ili chombo kipate moto wa juu na wa chini pale pasipo tanuri. Neno andazi lenyewe limezaliwa na kitenzi kuandaa. Kwa hiyo jina la chakula humwambia msikilizaji kilivyotengenezwa, na mpishi mwenye uzoefu akisikia jina huweza kukisia unga ulikuwa mzito au mwepesi kiasi gani. Tofauti kati ya kusukuma na kumimina ni tofauti ya kiasi cha maji, na kiasi cha maji ndicho kinachoamua kama gluteni itafanya kazi au haitafanya. Jambo hili litarudiwa hapa chini, kwa sababu ndilo lenye uzito kwa wanaoshughulikia sera.

Kabla ya ngano

Ngano si nafaka ya pwani. Joto na unyevu wa upwa havikuiruhusu, na kwa karne nyingi unga uliotumika ulikuwa wa mtama, uwele na mchele. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisimulia kwamba Mogadishu alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, na kwamba watu wa kisiwa cha Mombasa hawakulima nafaka bali waliletewa, chakula chao kikubwa kikiwa ndizi na samaki. Hakuna mkate wa ngano katika masimulizi hayo. Ukimya wa msafiri si ushahidi wa kutokuwapo kwa kitu, lakini unaafikiana na mazingira ya kilimo yanayojulikana.

Mkate wa mofa ndio unaoeleza vizuri hali ya wakati huo. Huu ni mkate wa unga wa mtama au uwele, unaookwa katika chombo cha udongo chenye moto ndani. Neno mofa linafanana na jina la tanuri ya udongo katika Kiarabu cha Yemen, na jirani zetu Wasomali huita muufo mkate wao wa jamii hiyo. Mtama hauna gluteni, kwa hiyo kinyunga chake hakivutiki. Hubandikwa kwa kiganja na kushikiliwa na ukuta wa chombo wenyewe. Tanuri ndiyo iliyofanya kazi ambayo katika ngano hufanywa na nyuzi za protini. Ufundi wa namna hii hauhitaji kuonewa huruma kama mbadala wa mtu aliyekosa ngano. Ni jibu kamili kwa nafaka iliyokuwapo.

Mchele nao ulizaa jamii yake: vitumbua, vibibi, chila na mkate wa kumimina. Mchele hulowekwa, husagwa pamoja na tui la nazi hadi uwe rojo, kisha huachwa uumuke. Kabla ya hamira ya kiwandani kuenea, chachu iliyotumika mara nyingi ilikuwa tembo la mnazi. Mnazi mmoja ulitoa tui la kulainisha na tembo la kuumulia, na hili halikuwa jambo dogo katika miji ya Kiislamu, ambako kinywaji hicho kiliruhusiwa kuingia jikoni kwa mlango ambao barazani kilikatazwa. Ni moja ya mapatano ya kimyakimya ambayo historia ya vyakula huyaonyesha kuliko hati za makadhi.

Lugha imehifadhi alama za pande zote mbili. Chachu linatokana na mzizi wa Kibantu wa kuchacha, ambao hutaja kitu kilichogeuka ladha kwa kukaa. Hamira, na pamoja nayo hamri na mahamri, ni mzizi wa Kiarabu wa kuumua unga. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walichagua chachu. Wauzaji wa madukani huuza hamira. Maneno hayo mawili yanaishi pamoja bila kugombana, moja likikumbuka rojo la mchele na tembo, la pili likikumbuka merikebu zilizoleta unga mweupe.

Vinyunga vya ng'ambo na ufundi wa pwani

Ngano iliingia kama bidhaa ya biashara kabla haijawa zao. Majina ya vyakula yanaonyesha njia zake. Mkate wa ajemi unataja Uajemi waziwazi. Kaimati ni luqaimat ya Waarabu, yaani vitonge vidogo. Sambusa ilianza safari mapema zaidi: kitabu cha upishi kilichoandikwa Baghdad na Muhammad al-Baghdadi mwaka 1226 kina maelezo yake, na Ibn Battuta yuleyule, alipofika Delhi, aliikuta katika karamu za Sultani Muhammad bin Tughluq, nyama ya kusaga na lozi ndani ya unga mwembamba uliokaangwa kwa samli. Pwani iliipokea kutoka pande zote mbili za bahari, na ndiyo maana haifai kuuliza kama ni ya Waarabu au ya Wahindi.

Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni manda, yaani majani ya unga yanayofungia sambusa. Madonge madogo husukumwa kidogo, hupakwa mafuta na kunyunyiziwa unga mkavu, kisha hupangwa moja juu ya jingine na kusukumwa kwa pamoja hadi yawe duara pana. Duara hilo huwekwa kwenye chuma cha moto kwa muda mfupi tu, upande huu na upande huu, bila kuiva. Halafu hubanduliwa jani baada ya jani likiwa bado moto, hukatwa, na hufungwa kwa uji mzito wa unga. Mantiki ni ileile ya kinyunga cha matabaka cha Ulaya, mafuta yakizuia unga kushikana na unga, lakini lengo limegeuzwa. Mpishi wa Paris hutaka matabaka yabaki pamoja na kuumuka. Mpishi wa Unguja huyatenganisha ili kila jani liwe jembamba kuliko ambavyo kifimbo peke yake kingeweza kulisukuma. Jedwali la kikoloni halikuwa na safu ya manda, na wanafunzi wa jikoni za shule walifundishwa kinyunga cha matabaka kama jambo geni kabisa, ilhali mama zao walikuwa wakiuza sambusa kila Ramadhani.

Chapati ya Afrika Mashariki ina kisa cha jinsi hiyo. Chapati ya Kihindi kwa kawaida haina mafuta ndani. Ile inayoliwa Mombasa, Dar es Salaam na Kampala hupakwa mafuta, huviringwa kama kamba, husokotwa kama konokono, hulazwa, kisha husukumwa upya. Kwa hakika ni jamaa ya parata iliyobaki na jina la nduguye. Wapishi wengi hukandia maji ya moto. Sababu yake ni ya kisayansi ingawa haikufundishwa kama sayansi: joto hufanya wanga unywe maji mengi na hupunguza uwezo wa protini kujenga nyuzi, hivyo chapati hubaki laini hata ikipoa. Kulaza donge nako hulegeza nyuzi zilizokazwa na kukanda, ili kisukumwacho kisirudi nyuma.

Mahamri huenda njia nyingine. Unga hukandwa kwa tui, sukari, iliki na hamira, huachwa uumuke, husukumwa na kukatwa pembe, kisha hutumbukizwa katika mafuta ya moto. Ngozi ya nje hukauka haraka, mvuke wa ndani hukosa pa kutokea, na hamri huvimba likawa na uwazi katikati, uwazi ambao Mombasa na Lamu hujazwa mbaazi za nazi. Andazi la bara, linalokandwa kwa maji au maziwa na kuachwa nene zaidi, lina nyama ndani kama mkate. Upande wa pili kabisa ipo kangumu, ambayo wengine huiita hafkeki: unga mwingi, mafuta yaliyosuguliwa ndani, na magadi au unga wa kuumulia badala ya hamira. Ni kinyunga cha pai kilichoingia karai la mafuta badala ya tanuri, kwa sababu mwenye karai na jiko la mkaa walikuwa wengi, na mwenye tanuri alikuwa mmoja mtaani.

Reli, kinu na tanuri

Ujenzi wa reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901 uliwaleta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Wengi walirejea makwao, lakini takriban 6,700 walibaki, na maduka yaliyofuata njia ya reli yaliufikisha unga wa ngano mahali ambapo misafara ya pwani haikuwahi kuufikisha kwa wingi. Wakati huohuo walowezi walianza kuilima nafaka hiyo katika nyanda za juu za Kenya. Lord Delamere aliijaribu Njoro, akaona mashamba yake yakiharibiwa na kutu ya ngano, akagharimia utafiti wa mbegu zinazostahimili. Kampuni ya kusaga ya Unga ilianzishwa mwaka 1908. Neno la kawaida kabisa la jikoni la Kiswahili likawa jina la kampuni ya walowezi.

Tanuri za mjini ziliongeza maneno: mkate wa boflo, slesi, skonzi, keki, biskuti. Slesi inastahili kutazamwa peke yake. Mkate huu hauji bila kinyunga chenye nyuzi imara, kwa kuwa ni lazima ubebe hewa, usimame ndani ya kopo lake, na ukatwe vipande vyembamba bila kubomoka. Kila kinyunga kilichotajwa hadi hapa kina msaidizi: mofa ina ukuta wa udongo, kitumbua kina kikaango chake chenye vishimo, hamri lina mafuta yanayolishika pande zote. Slesi haina msaidizi isipokuwa gluteni. Na ndiyo iliyofanywa kipimo cha maisha ya mjini.

Gharama ya kipimo hicho ililipwa na watu ambao huenda hawakuionja. Katika miaka ya 1970 na 1980 Tanzania, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wa Hanang. Makumi ya maelfu ya ekari zilitwaliwa, nazo zilikuwa malisho ya Wabarabaig, wafugaji ambao makaburi ya wazee wao yalikuwa katika ardhi hiyohiyo. Mgogoro ulifika mahakamani. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 unga wa ngano ulikuwa miongoni mwa bidhaa adimu madukani Tanzania. Ni vigumu kuitazama ramani ya mradi huo bila kuona kwamba swali la aina gani ya kinyunga inahitaji ngano ya aina gani halikuulizwa. Kilichohesabiwa kilikuwa tani.

Maneno yanayosafiri bara

Wafanyabiashara, askari, wamisionari na madereva walivibeba vinyunga pamoja na lugha. Wanyarwanda wana amandazi. Warundi wana ibitumbura, jina ambalo bila shaka ni vitumbua, ila kilichomo ndani kimebadilika: si rojo la mchele tena bali ni unga wa ngano uliokaangwa. Kinshasa, katika Kilingala, mikate ni vitonge vya unga vinavyokaangwa na kuuzwa barabarani, wakati pwani mkate ni kitu kilichookwa au kuchomwa. Kampala, hasa Wandegeya karibu na Makerere, chapati iliviringishwa na mayai ikapata jina jipya la rolex, ambalo halina uhusiano na saa bali na kitendo cha kuviringisha mayai. Hapo tena kitendo kimekuwa jina, safari hii kwa mzizi wa Kiingereza. Hata Muscat, familia zilizorejea kutoka Zanzibar hukaanga mandazi.

Mabadiliko haya ya maana si makosa ya kusahihishwa na kamusi sanifu. Kitumbua kilipofika mahali pasipo mnazi na penye mchele ghali, jina lilibaki na umbo likabaki, unga ukabadilika. Yaani mchakato wa kubadilisha unga, ambao leo unaitwa ubunifu, umekwisha kufanyika kimyakimya katika ukanda huu, ingawa kwa mwelekeo wa kuingiza ngano badala ya kuipunguza.

Unga mchanganyiko

Nchi za Afrika Mashariki huagiza sehemu kubwa ya ngano yao, na vita vya Urusi na Ukraine vya mwaka 2022 viliwakumbusha walaji kwamba bei ya andazi la asubuhi huamuliwa pia kwenye bandari za Bahari Nyeusi. Kilimo cha ndani nacho kina hatari zake: aina ya kutu ya shina iitwayo Ug99 iligunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, na Njoro imekuwa kituo ambako mbegu kutoka nchi nyingi duniani hupimwa dhidi yake. Ushuru wa pamoja wa nje wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umezilazimu serikali kuomba nafuu mara kwa mara kwa ajili ya ngano, jambo linaloonyesha kwamba nia ya kujitosheleza na mahitaji ya walaji havijapatana.

Wazo la kuchanganya unga wa ngano na wa muhogo, mtama au viazi si jipya. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha mpango wa unga mchanganyiko mwaka 1964. Nigeria ilienda mbali zaidi ikapiga marufuku uagizaji wa ngano mwaka 1987, ikaondoa marufuku hiyo mwaka 1992 baada ya magendo na malalamiko ya waokaji. Kwa kawaida majaribio ya namna hii hupimwa kwa mkate wa kopo: je, umeumuka, umekatika vizuri, mnunuzi ameukubali? Hiki ni kipimo kigumu kuliko vyote, na matokeo yake hafifu huchukuliwa kuwa hukumu juu ya muhogo wenyewe.

Historia iliyoelezwa hapa inapendekeza mpangilio tofauti. Vinyunga vya kumimina, kama chapati za maji, havitegemei nyuzi za gluteni kwa kiasi kikubwa, na jamaa zao wa asili walikuwa wa mchele mtupu. Vinyunga vya kusugua mafuta, kama kangumu na biskuti, hunufaika nyuzi zinapokuwa fupi, kwa hiyo unga usio na gluteni hauviharibu upesi; Rwanda tayari imezalisha kiwandani biskuti zenye viazi vitamu vilivyopondwa. Chapati za kusukuma na manda zinahitaji mvutiko, lakini si uwezo wa kubeba hewa. Andazi linahitaji vyote viwili kwa kiasi, na hamri zaidi kidogo. Slesi iko mwisho wa mstari. Kanuni moja ya asilimia moja kwa unga wote utokao kinuni huvibebesha mzigo uleule vinyunga vyenye mifupa tofauti, na mwoka slesi anayelalamika huwa na haki, ilhali mkaanga kangumu angeweza kupokea mara mbili ya kiasi hicho bila mteja wake kugundua.

Kuna pia suala la nani anayeulizwa. Kamati za viwango hukaa na wenye vinu na wenye viwanda vya mikate, kwa sababu hao wana anwani na wanasheria. Sehemu kubwa ya unga hukandwa alfajiri na wanawake wanaouza maandazi, chapati na vitumbua mitaani. Wao ndio wanaojua, kwa kugusa tu, kwamba unga wa mfuko huu unakunywa maji zaidi ya ule wa juzi, na wao ndio wamekuwa wakiongeza unga wa mchele, wa mahindi au wa muhogo pale bei inapopanda. Maarifa hayo hayajaandikwa katika viwango vya unga vya nchi yoyote ya Jumuiya. Istilahi za kuyaandikia zipo: kukanda, kulaza, kuumua, kusukuma, kumimina. Kiwango cha unga kingeweza kuandikwa kwa vitenzi hivyo, mfuko mmoja wa kusukumia na mwingine wa kumiminia, na muuzaji wa duka la rejareja Bujumbura au Tanga angeuelewa bila kutafsiriwa.